Laptopu ya ofisi nyepesi au ya gemu yenye nguvu: kwa nini kila mtu ananiambia ya gemu haidumu?

#1 Mzigo_Begani
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja.

Kazi zangu siku nyingi ni kuandika ripoti, Excel kubwa kubwa, tabo za brauza zisizo na idadi na mikutano ya video. Ila tangu mwaka jana nimeanza kuediti video za wateja kwenye DaVinci Resolve, mbili tatu kwa wiki, na usiku nikitulia nacheza gemu kidogo. Laptopu naibeba kila siku, sina ofisi, leo nipo maktaba kesho nipo kwa mteja.

Nimebaki na mbili kichwani. Moja ThinkPad T14, inchi 14, kilo moja na nusu haifiki, haina kadi ya grafiki inayojitegemea. Nyingine Legion 5 yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 4060, inakaribia kilo mbili na nusu hapo hujaweka chaja.

Sasa kinachonisumbua, kila ninayemuuliza ananiambia "ya gemu haidumu, miaka miwili kwisha habari yake". Nikiuliza kwa nini, hakuna anayenijibu kitu cha kueleweka. Ni kweli haidumu? Na kama ni kweli, kinachoiua ni nini hasa? Maana kama ni kitu naweza kukizuia mwenyewe basi nachukua ya gemu leo.

#2 BawabaImara
Ni kweli na sababu ni moja tu, bodi yake. Namaanisha umbo, plastiki. Mimi ya gemu niliyokuwa nayo ilikufa bawaba mwezi wa 14, kila nikifungua skrini nasikia kitu kinalia kama kijiti kinavunjika, nikapuuza, siku moja kona ya kushoto ikabanduka kabisa ikaondoka na plastiki iliyoshikilia skrubu. Ndani ilikuwa nzima, prosesa nzima, kila kitu kizima, lakini huwezi kuibeba popote. Laptopu za biashara bawaba zake ni chuma na zimefungwa kwenye fremu ya chuma, alafu zimethibitishwa na jeshi la Marekani, MIL-STD-810. Za gemu hela yote inaenda kwenye kadi ya grafiki.

#3 Fundi_Bisibisi
Pole kwa bawaba ila mi nafungua hizi mashine karibu kila siku na zinazokuja mezani kwangu nyingi tatizo ni joto, na nyuma ya joto kuna vumbi. Ipo hivi, feni inavuta hewa kwa chini inaisukuma ipite kwenye mapezi membamba ya shaba au alumini, yale mapezi yamebanana sana. Vumbi na nywele na nyuzi za nguo vinajikusanya kati ya feni na mapezi, vinatengeneza kitu kama kipande cha zulia, unaweza kukitoa kizima kwa kibano. Ukitazama kwa nje matundu yanaonekana safi kabisa, huwezi kujua. Feni inazunguka kwa nguvu zote lakini hewa haitoki, mwenye mashine anasema "siku hizi inapiga kelele sana" na anaendelea kucheza. Pesti iliyo kati ya prosesa na shaba nayo inakauka, joto halihami tena vizuri, prosesa inajipunguza spidi yenyewe isiungue, mtu anadhani laptopu imezeeka.

Laptopu ya ofisi nayo inaingia vumbi hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yenyewe haina joto kubwa la kutoa, kwa hiyo ikizibika nusu bado inaishi.

Mleta uzi, ukiisafisha mara moja kwa mwaka na kubadilisha pesti kila baada ya miaka miwili hivi, itakaa.

#4 Kaskazi
#2 hapo kwenye jeshi nirekebishe kidogo maana hii kitu inawadanganya wengi. MIL-STD-810 ni utaratibu wa kupima, wa jeshi la Marekani kweli, una majaribio mengi, kuanguka, mtikisiko, unyevu, vumbi, joto na baridi, mwinuko. Lakini hakuna ofisi ya jeshi inayokaa kuzithibitisha laptopu za sokoni. Mtengenezaji anachagua majaribio anayotaka, anayafanya mwenyewe au anailipa maabara, kisha anaandika "imepimwa kwa". Hata laptopu kadhaa za gemu zina hiyo nembo. Kwa hiyo isikupe usingizi, tazama imepimwa kwa majaribio yapi.

#5 BawabaImara
Shukrani mkuu, hilo la kuchagua majaribio sikulijua. Ila la bawaba ya chuma nabaki nalo, nimeona kwa macho yangu.

#6 NyukiMtulivu
Mnasahau betri jamani. Laptopu ya gemu inaishi imechomekwa ukutani, saa zote ipo 100% na chini yake kuna joto la kuchemsha. Betri ya lithiamu haipendi vitu viwili, kukaa imejaa na kukaa kwenye joto, na hapo unaipa vyote kwa pamoja kila usiku. Baada ya mwaka na kitu inaanza kuvimba, inasukuma padi ya kugusa kwa juu, wengine inasukuma hadi kifuniko cha chini na hapo ndo skrubu na bawaba zinaanza kuachia. Kwa hiyo #2 inawezekana kabisa bawaba yako ilisukumwa na betri. Ulishaitazama?

Dawa ipo kwenye programu ya mtengenezaji, weka kikomo cha kuchaji 80% au 60, karibu zote za sasa zinacho.

#7 BawabaImara
Betri haikuvimba, niliitoa nikaiona ipo sawa. Ni bawaba.

#8 Hesabu_Safi
Nimesoma wote mna pointi ila kuna kitu cha msingi hamjakigusa. Mnalinganisha vitu ambavyo havitumiki sawa. Prosesa ya familia ya U (zile za kuokoa umeme) kwenye laptopu ya ofisi imewekewa wati 15 kama msingi, ya H (zile za nguvu) ni 45, ongeza kadi ya grafiki inayokula wati mia na zaidi, tena kwa saa nne mfululizo. Ukiikimbiza gari moja kila siku kwa mwendo wa mwisho na nyingine inakwenda sokoni na kurudi, utasema ya kwanza imetengenezwa vibaya?

Halafu watu wanaosema "laptopu za biashara hazifi" wengi wanaongelea zile zilizotumika, zilizotoka kwenye makampuni baada ya miaka mitatu minne. Zile zilizokufa huko makampuni hazikuletwa kwako! Unachokiona mkononi ni zilizosalimika. Kwa hiyo sifa yao imechujwa kabla hujaziona.

#9 Kaskazi
#8 umenifungua macho hapo kwenye kuchujwa, kweli kabisa.

#10 Fundi_Bisibisi
#8 nakubali nusu. Matumizi ndiyo yanatoa joto, sawa, lakini nimeshafungua za gemu ambazo mwenyewe anatumia Word tu na bado zimezibika, kwa sababu feni zake ni mbili kubwa na zinavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo zinavuta na vumbi zaidi. Na zile za biashara zina faida moja hamjaitaja, mtengenezaji anatoa kitabu cha matengenezo hatua kwa hatua, kila kipuri kina namba, kibodi na feni na bawaba vinapatikana miaka mingi baadaye. Ya gemu ya modeli ya mwaka fulani ukitafuta bawaba yake miaka mitatu mbele unaanza kuhangaika. Kwangu mimi "kudumu" ni kutengenezeka.

#11 DadaWino
Samahanini wakaka naona mmezama kwenye vifo vya laptopu, lakini kaka kasema anabeba kila siku na hana ofisi. Mimi nimebeba ya gemu miaka mitatu. Kilo mbili na nusu ukisoma kwenye karatasi ni namba tu, ongeza chaja ya wati 230 ambayo ni kama tofali, ongeza kipanya, ongeza chupa ya maji, jioni bega moja limeshuka. Chaja huwezi kuiacha nyumbani, ndiyo shida yenyewe. Ya ofisi ukiisahau chaja unaomba ya simu ya USB-C ya mtu yenye wati za kutosha unaendelea.

Na kelele. Nilikuwa kwenye kikao na mteja, watu sita, kimya, nikafungua faili moja kubwa, feni zikaanza kupanda taratibu hadi mzee mmoja akaangalia dari kuona ni kiyoyozi kipi kimewaka. Tangu hapo nikiingia kwa mteja naweka modi ya kimya kabla sijakaa.

Sijutii, kazi zangu za 3D zisingefanyika bila ile mashine, ila nataka ajue anachokibeba.

#12 Mzigo_Begani
Nashukuruni sana wakuu, na dada #11 asante umenigusa penyewe. Swali, hii nasikia ukitoa chaja, laptopu ya gemu inakuwa dhaifu hata kwenye betri iliyojaa, ni kweli? Mbona betri ni kubwa?

#13 Kaskazi
Ni kweli na ni hesabu rahisi. Sheria za ndege zinaruhusu betri hadi saa-wati 100 bila kuomba kibali, ndo maana utakuta laptopu kubwa za gemu zimewekewa 99 na pointi, hakuna anayevuka. Sasa kadi inakula 115, prosesa 45, skrini na vingine juu yake. Betri nzima ingeisha dakika thelathini na kitu, na zaidi ya hapo betri yenyewe haiwezi kutoa umeme mwingi hivyo kwa mkupuo bila kuumia. Kwa hiyo mashine inajibana yenyewe ikitoka kwenye chaja. Nguvu uliyolipia ipo pale penye soketi ya ukutani tu.

Ila kwa kuandika na brauza kadi kubwa inalala, inatumika grafiki ndogo ya ndani ya prosesa. Mimi napata saa nne, tano nikiwa mpole. Na nyingi za sasa zinakubali chaja ya USB-C ya wati 100 kwa kazi nyepesi, kwa hiyo #11 lile tofali siku hizi unaweza kuliacha kama huendi kurenda (kutoa video au picha ya mwisho).

#14 DadaWino
Yangu ni ya zamani, haikubali. Kumbe mambo yamesogea.

#15 MkataPicha
Mleta uzi watu wamejibu kila kitu isipokuwa video. Kamera inatoa nini? H.264 ya kawaida au H.265 (namna mpya zaidi ya kubana video) ya biti 10 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi?

#16 Mzigo_Begani
H.265 biti 10 4:2:2 mkuu, 4K. Kwa laptopu niliyonayo sasa ikicheza inakwamakwama hadi nakata tamaa.

#17 MkataPicha
Basi sikiliza vizuri maana hapa watu wengi wanapoteza hela. Hiyo 4:2:2 kuifungua ni kazi ya sakiti maalumu ndani ya chipu, siyo nguvu ya kadi kwa ujumla. Intel wanayo kwenye grafiki ya ndani tangu kizazi cha 11, inaitwa Quick Sync. RTX 4060 HAINA. NVIDIA wameileta kwenye RTX 50. Kwa hiyo T14 ya Intel, ile nyepesi ya ofisi, inaweza kuchezesha hizo klipu laini kuliko laptopu ya gemu yenye prosesa ya AMD na RTX 4060. Watu wakiambiwa hawaamini.

Lakini kucheza klipu ni nusu ya kazi. Ukianza kusahihisha rangi, kuweka efekti nzito, kuondoa chenga kwa wenye Studio (Resolve ya kulipia), hapo Resolve inaikalia kadi ya grafiki na T14 itapiga magoti. Kwa hiyo ukichukua Legion chukua 5i, hiyo "i" maana yake Intel, unapata Quick Sync na RTX kwa pamoja. Na usiiweke kwenye modi ya kutumia kadi kubwa peke yake muda wote, ukifanya hivyo grafiki ya Intel inazimwa na Quick Sync inaondoka nayo. Nimepoteza siku mbili nzima kutafuta kwa nini video zangu zimerudi kukwama, kumbe niligusa hiyo swichi nikicheza gemu.

Njia nyingine tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu, iache mashine izitengeneze ukiwa umelala. Nimekata filamu ya dakika 40 kwa laptopu ya ofisi kwa mtindo huo. Inawezekana, inataka subira na diski kubwa.

#18 Mzigo_Begani
Aisee. Hii peke yake imelipa uzi mzima, asante sana mkuu.

#19 Jicho_la_Namba
Nikazie hapo, jina la kadi halitoshi. RTX 4060 ya laptopu NVIDIA wameruhusu mtengenezaji aiweke kuanzia wati 35 hadi 115. Zote zinaitwa RTX 4060. Ile ya wati chache kwenye laptopu nyembamba na ile ya 115 kwenye laptopu nene ni kama watu wawili wenye jina moja. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo neno TGP, ndizo wati ambazo kadi imeruhusiwa kula. Pia usilinganishe na ya mezani, RTX 3060 ya mezani ilikuja na kumbukumbu ya GB 12, ya laptopu ni 6.

Prosesa vilevile. i7-1255U ina koa (viini vya prosesa) 10 lakini kubwa ni 2 tu, nyingine 8 ni ndogo za kuokoa betri. i7-12700H ina kubwa 6 na ndogo 8. Zote zimeandikwa i7, na muuzaji anakwambia "hizi zote i7".

#20 Pwani_Tulivu
Mbona mnamlazimisha achague mbili wakati kuna ya tatu? Kuna hizi za gemu ndogo kama Zephyrus G14, ilitoka mwaka 2020, inchi 14, kilo 1.6 hivi na kadi ya kujitegemea ndani. Ninayo, nabeba, nacheza, naediti.

#21 Fundi_Bisibisi
Nzuri ila inchi 14 na joto lile lile la inchi 16, lazima ujue unabana nyama kubwa kwenye sufuria ndogo. Na RAM kwenye hizo nyembamba mara nyingi imechomelewa kwenye mazabodi, yote au nusu, unayonunua nayo ndiyo utazikwa nayo. Hata za biashara siku hizi, X1 Carbon RAM huwezi kuongeza. Mleta uzi kabla hujalipa uliza soketi za RAM ni ngapi na SSD ngapi.

#22 Pwani_Tulivu
Joto lipo sikatai, nikirenda naiinua kwa nyuma na kitabu. Ila bega langu zima, muulize DadaWino.

#23 DadaWino
Hahaha haya, nimekusikia.

#24 Mchora_Nguzo
Mimi mhandisi. Ofisini wametupa daraja ambalo hamjalitaja, ThinkPad P, HP ZBook, Dell Precision. Umbo la biashara, kadi ya grafiki ndani, vipuri vipo kama Fundi alivyosema. AutoCAD yenyewe wala haihitaji kadi ya kutisha, inategemea zaidi koa moja yenye spidi, nawaona vijana wanajitwisha laptopu ya gemu kwa ajili ya kuchora mistari. Ukienda kurenda majengo kwa Lumion au D5 hapo ndo kadi inaongea.

#25 Hesabu_Safi
Hizo mpya bei yake inauma kuliko ya gemu yenye nguvu ileile. Zilizotumika ndo zinaeleweka.

#26 Kaskazi
Kwenye zilizotumika tahadhari mbili. Moja, nyingi zilikuwa mali ya kampuni, unaweza kukuta BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine) imefungwa paswedi au imefungwa na mfumo wa usimamizi wa kampuni, unaiwasha vizuri dukani, siku unaisafisha upya inadai akaunti ya kazini kwa mtu usiyemjua. Ingia BIOS kabla hujalipa. Pili, Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kizazi cha 6 na 7 zinauzwa rahisi kwa sababu hiyo.

#27 BawabaImara
ThinkPad T480 ni kizazi cha 8, inaingia. Soketi mbili za RAM, betri moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje, unabadilisha bila kuzima mashine. Ya mwaka 2018 na naiandikia hapa sasa hivi. Bawaba haijalia hata siku moja.

#28 NyukiMtulivu
Nilijua tu tutafika kwenye T480, uzi wa laptopu usipofika hapo haujakamilika. Lakini mkuu ongea ukweli, inaweza kuediti 4:2:2 ya huyu ndugu?

#29 BawabaImara
Haiwezi. Ina Thunderbolt 3 lakini, lile tundu la kasi, unaweza kuchomeka kadi ya grafiki ya nje.

#30 Jicho_la_Namba
Thunderbolt 3 ni gigabiti 40 kwa sekunde, ni kama njia nne za PCIe 3.0 (njia za data kati ya kadi na prosesa) na hazifiki zote kwenye kadi. Kadi kubwa za mezani zinataka njia 16. Utaunguza sehemu ya nguvu njiani, na hilo boksi na pawa saplai yake hubebi. Ukifika hapo bora ununue kompyuta ya mezani, ubaki na laptopu nyepesi ya kutembea nayo. Hiyo ndo njia yangu na sijawahi kuitamani nyingine.

#31 MkataPicha
Kwa asiye na ofisi kompyuta ya mezani ni kazi ya usiku tu. Mteja akisema "hapa ongeza rangi" akiwa amekaa pembeni yako utamwambia subiri nifike nyumbani? Mimi kazi nyingi nimezipata kwa kusahihisha palepale mbele ya mteja.

#32 Fundi_Bisibisi
Nirudi kwa NyukiMtulivu pale #6. Nimekaa nikafikiria, kweli betri zilizovimba naziona, lakini nyingi zinatoka kwenye laptopu za ofisi! Zinakaa zimechomekwa mezani wiki nzima mtu hatoi waya. Kwa hiyo hiyo ya betri haielezi kwa nini ya gemu ife mapema.

#33 NyukiMtulivu
Zinavimba baada ya muda gani lakini? Za ofisi miaka minne mitano, za gemu miwili. Joto ndo linaharakisha.

#34 Fundi_Bisibisi
Hapo ndo umerudi kwangu, joto.

#35 NyukiMtulivu
Joto kwenye BETRI mkuu, siyo kwenye feni.

#36 Hesabu_Safi
Na joto linatoka kwenye matumizi. Nipo palepale.

#37 Mzigo_Begani
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Rafiki yangu ana Legion 5i, kakubali tubadilishane wiki moja, yeye achukue yangu. Nimeitia begani asubuhi ya leo pamoja na chaja na chupa ya maji kama dada alivyosema, nimetembea nayo hadi maktaba. Klipu za 4:2:2 zimecheza laini kabisa, sijaamini macho yangu. Saa ya tatu ya kazi betri ikawa 31%, soketi ya ukutani ya karibu ina mtu, na mimi nina kazi ya kukabidhi saa kumi. Nimeweka modi ya kimya, mwanga wa skrini nusu. Naleta mrejesho Ijumaa.

#38 DadaWino
Bega vipi?

#39 Mzigo_Begani
La kulia nalisikia.

#40 Kaskazi
Shusha Hz za skrini (mara inavyojichora upya kwa sekunde), weka 60 ukiwa kwenye betri. Utapata dakika za ziada hapo.